Meya asiye na kadi ya chama: jinsi mhandisi István Tarlós alivyoiongoza Budapest

Mwishoni mwa mwaka 2018 siasa za Hungaria zilikuwa na kitendawili. István Tarlós, Meya Mkuu wa Budapest, alikuwa na miaka 70 na alikuwa katika kipindi chake cha pili, akiungwa mkono na Fidesz, chama cha Waziri Mkuu Viktor Orbán. Bungeni Fidesz na washirika wake walikuwa na theluthi mbili ya viti, serikali ilikuwa yao, na wilaya nyingi za jiji zilikuwa mikononi mwao. Mtu aliyezungukwa na watu wa upande wake namna hiyo alibakiwa na nini cha kuomba? Lakini Tarlós aligoma kusema kama atagombea tena mpaka akae na Orbán, wazungumze, na masharti yake yakubaliwe. Hakudai cheo. Alitaka serikali iache kuamua mambo ya Budapest bila kuishirikisha Budapest, na suala la fedha za kuendesha jiji liwekwe wazi. Orbán alikubali. Likaundwa baraza la pamoja, ambamo serikali na jiji wangejadili miradi mikubwa ya mji mkuu kwenye meza moja, na ndipo mzee akachukua fomu.

Ilikuwaje meya anayebebwa na chama tawala ajadiliane na serikali hiyohiyo kana kwamba ni nchi jirani? Jibu linapitia kwenye breki za treni, matuta ya mto na leja za madeni. Tarlós alikuwa mhandisi kabla ya kuwa mwanasiasa, na ugomvi wake mwingi ulionekana kuwa wa kiufundi hali ndani yake ulikuwa wa nani ana mamlaka juu ya nini.

Alizaliwa Budapest tarehe 26 Mei 1948, akasomea uhandisi wa ujenzi na kufanya kazi ya ujenzi chini ya utawala wa kikomunisti. Siasa ilimkuta akiwa mtu mzima. Mwaka 1990, Hungaria ilipofanya uchaguzi huru wa kwanza wa serikali za mitaa baada ya ukomunisti, yeye aliibuka meya wa wilaya ya 3, Óbuda-Békásmegyer, kaskazini mwa jiji upande wa Buda, yaani magharibi mwa mto Danube. Ni wilaya yenye sura nyingi: magofu ya Kirumi ya Aquincum, nyumba za zamani za Óbuda, kisha Békásmegyer yenye safu za maghorofa ya zege yaliyojengwa kwa vipande vilivyofyatuliwa kiwandani. Kwa mhandisi, hapo kazi ipo.

Jambo linalowashangaza wengi wanaomjua Tarlós kama mtu wa mrengo wa kulia ni kwamba alianzia SZDSZ, chama cha waliberali, ambacho ndicho kilichomtoa Gábor Demszky, meya mkuu wa Budapest kwa miaka 20. Tarlós alikitoka mwaka 1994, mwaka ambao waliberali waliingia serikalini pamoja na Wasoshalisti, warithi wa chama cha zamani cha kikomunisti. Tangu hapo hakuchukua kadi ya chama kingine. Fidesz ilimuunga mkono, ikamsimamisha, hata ikampa uongozi wa kundi lake katika Baraza la Jiji, lakini yeye alibaki mtu asiye mwanachama. Jambo hilo dogo ndilo lililompa sauti. Asiye na kadi hawezi kunyang'anywa kadi.

Óbuda aliiongoza miaka 16 mfululizo, na kwa maoni yangu ndiko alikojijengea jina, kwani katika ngazi ya wilaya mpiga kura huhukumu kwa paa linalovuja na barabara yenye mashimo. Lakini isidhaniwe kwamba alikuwa fundi tu asiye na itikadi. Mwaka 2001 aliwabana waandaaji wa tamasha la muziki la Sziget, linalofanyika kwenye kisiwa kilichomo katika wilaya yake, hadi wakatia saini makubaliano ya kutoweka vipindi vinavyohusu mashoga. Kelele zilikuwa kubwa na jambo hilo lilimfuata kwa miaka. Muongo mmoja baadaye, akiwa tayari Meya Mkuu, alimteua mwigizaji György Dörner, mtu wa mrengo mkali wa kulia, kuongoza Új Színház, mojawapo ya kumbi za maigizo za jiji, na watu wakaandamana nje ya ukumbi. Mhandisi alikuwa na upande wake, na hakuuficha.

Mwaka 2006 aligombea umeya mkuu kwa mara ya kwanza. Uchaguzi ulifanyika Oktoba, wiki mbili tu baada ya kuvuja kwa hotuba ya Waziri Mkuu Ferenc Gyurcsány, aliyekiri kwa wabunge wake faraghani kwamba waliudanganya umma. Nchi ilikuwa inawaka moto, na bado Demszky alimshinda Tarlós kwa tofauti ya chini ya pointi mbili za asilimia. Miaka minne baadaye Demszky hakugombea, jina la kampuni ya usafiri ya jiji, BKV, lilikuwa limechafuka kwa kashfa za fedha, na Tarlós alipita kwa zaidi ya asilimia 53. Mwaka 2014 akarudi tena kwa asilimia 49, akimwacha mbali mpinzani wake, Lajos Bokros.

Sasa tufungue fundo lenyewe. Budapest ina watu wapatao milioni 1.7, takriban mtu mmoja kati ya kila Wahungaria sita, na kisheria ina hadhi inayolingana na ile ya mkoa. Lakini ndani yake kuna wilaya 23, na kila wilaya ina meya wake aliyechaguliwa, madiwani wake, bajeti yake na mali zake. Meya Mkuu si bosi wao. Jiji lina usafiri wa umma, barabara kuu, maji, majitaka na ulinzi dhidi ya mafuriko. Wilaya zina shule za chekechea, mitaa midogo, nyumba za kupangisha na sehemu kubwa ya mambo ya kila siku. Mpita njia akijikwaa barabarani hajui amlaumu nani, na mara nyingi hata wenyewe hubishana. Mpango huu ulitungwa mwaka 1990 kwa kuogopa mamlaka ya kati, baada ya miaka 40 ya amri kutoka juu. Ulizaa demokrasia ya karibu na wananchi, na pia ulizaa jiji ambalo kulijengea reli moja kulihitaji subira ya Ayubu.

Kisha serikali ya Orbán, kuanzia 2010, ikaanza kuvuta kamba upande wake. Mwaka 2012 hospitali za jiji na za mikoa zikahamishiwa serikalini. Mwaka 2013 zikafuata shule. Mikoa ilibaki karibu ganda tupu, na kazi yake kubwa ikawa kupanga maendeleo na kugawa sehemu ya fedha za Umoja wa Ulaya. Serikali kuu ilichukua pia madeni ya serikali za mitaa, na hapo ndipo penye ujanja ambao wengi hawakuuona: deni likichukuliwa unashukuru, lakini aliyekulipia deni anapata neno kwenye matumizi yako. Kuanzia 2017 ukaongezwa mchango wa mshikamano, ambao maeneo tajiri hulipa serikalini. Mwanzoni Budapest ililipa kiasi kinachovumilika, ila mwaka 2023, chini ya meya mwingine, kilifika bilioni 58 za forinti, sarafu ya Hungaria, na jiji likaenda mahakamani.

Tarlós alilalamika mapema na hadharani, mara nyingi kwa maneno makali kuliko wapinzani. Alisema jiji linabebeshwa kazi bila fedha, hasa kwenye usafiri. Mkono mtupu haulambwi, na Meya Mkuu wa Budapest alizidi kuwa na mkono mtupu. Waliomtetea walisema ndiye pekee aliyeweza kumpigia Orbán simu na akasikilizwa. Waliompinga walijibu kwamba jiji lenye kutegemea simu ya mtu mmoja halina haki, lina fadhila tu. Naona pande zote mbili zilisema kweli, na ndiyo maana hadithi yake haiishi kwa kumwita shujaa au kibaraka.

Uhandisi wake ulijitokeza wazi zaidi kwenye treni za chini ya ardhi. Aliporithi jiji mwaka 2010, mstari wa nne wa metro ulikuwa shimo kubwa lililomeza fedha kwa miaka, na treni mpya zilizoagizwa kwa kampuni ya Alstom, 22 za mstari wa pili na 15 za mstari wa nne, zilikuwa zimekwama. Mamlaka ya usafiri ilikataa kuzipa kibali, na tatizo lilikuwa breki. Oktoba 2010, wiki chache baada ya uchaguzi, BKV ilitangaza kuvunja mkataba. Hiyo ilikuwa kamari kubwa, kwani kesi ingeweza kuligharimu jiji zaidi ya treni zenyewe. Mwaka uliofuata walielewana, treni zikafanyiwa marekebisho, na leo zinakimbia kwenye mstari wa pili zikiwa na dereva na kwenye mstari wa nne bila dereva.

Mstari huo wa nne, kilomita 7.4 na vituo 10 kutoka Kelenföld hadi stesheni ya Keleti, ulifunguliwa tarehe 28 Machi 2014, siku tisa kabla ya uchaguzi wa bunge. Mtu aliyeukosoa kwa miaka akawa ndiye anayeufungua. Baadaye OLAF, taasisi ya Umoja wa Ulaya ya kupambana na udanganyifu, ilitoa ripoti nzito kuhusu mikataba ya mradi huo, na kila upande ukamnyooshea mwenzake kidole.

Mstari wa tatu ndio uliomtesa zaidi. Ni mrefu na ndio unaobeba watu wengi kuliko mingine, ulianza kazi mwishoni mwa 1976, na treni zake za Kisovieti zilikuwa zimechoka kiasi cha kutoa moshi. Jiji halikuwa na fedha za treni mpya. Mwaka 2015 likatoa kazi kwa kampuni ya Kirusi ya Metrowagonmash kuzikarabati treni 37, mabehewa 222, kwa takriban forinti bilioni 69. Za kwanza zilipoanza kazi mwaka 2017 milango ilileta shida na zikaondolewa zirekebishwe. Watu wakauliza kama kweli ni treni za zamani zilizokarabatiwa au ni mpya zilizopewa jina la zamani. Na kubwa kuliko yote, hazikuwa na viyoyozi. Yeyote aliyepanda metro ile mwezi Julai anaelewa kwa nini jambo la kiyoyozi liligeuka hoja ya uchaguzi. Kazi ya kukarabati njia na vituo ilianza Novemba 2017 kwa awamu, sehemu ya mstari ikifungwa na mabasi yakibeba abiria juu, na ilimalizika mwaka 2023, Tarlós akiwa ameshaondoka.

Kuna mtu mmoja wa kumkumbuka hapa: Dávid Vitézy. Mwaka 2010, akiwa na miaka kama 25, aliwekwa kuongoza BKK, taasisi mpya iliyokusanya chini ya paa moja upangaji wa mabasi, tramu, metro, barabara na tiketi. Kijana alikuwa mwepesi wa mawazo. Huduma ya baiskeli za kukodi, Bubi, ilizinduliwa 2014, na mpango wa kuunganisha njia za tramu za upande wa Buda, uliokamilika Januari 2016, ulisukumwa naye. Yeye na Tarlós hawakuiva chungu kimoja. Mzee aliona kijana anaendesha dola ndani ya dola, na mwishoni mwa 2014 akamwondoa.

Kama kuondoka kwake kulikuwa na gharama, watu wengi waliiona Julai 2017. Budapest ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya kuogelea, na BKK ikakimbilia kuzindua mfumo wa kununua tiketi mtandaoni. Kijana wa miaka 18 aligundua kwamba bei unaweza kuibadilisha mwenyewe kabla ya kulipa: tiketi ya mwezi ya forinti 9,500 akaipata kwa forinti 50. Hakuitumia, aliwaandikia BKK kuwaeleza kasoro. Kilichofuata ni polisi kumjia nyumbani alfajiri. Umma ulikasirika, makumi ya maelfu ya watu wakaipa BKK nyota moja kwenye Facebook, mfumo ukazimwa, na baadaye polisi wakakubali kwamba kijana hakutenda kosa. Hakuna kampeni ya upinzani ambayo ingeichora taasisi ya jiji vibaya kuliko hivyo.

Lakini mahali ambapo mhandisi na mwanasiasa walishikana mashati ndani ya mtu mmoja ni Római-part, ukingo wa Danube katika Óbuda yake mwenyewe. Kiangazi watu huenda huko kukaa kwenye kokoto chini ya miti mikubwa, wakila samaki wa kukaanga na kutazama makasia. Juni 2013 Danube ilipanda hadi sentimita 891 kwenye kipimo cha Budapest, rekodi iliyovunja ile ya 860 ya mwaka 2006. Barabara za kandokando ya mto zilizama, maelfu ya watu wakajaza viroba vya mchanga, na Tarlós, ambaye kisheria ndiye mwenye dhamana ya ulinzi wa mafuriko jijini, alionekana kila mahali. Zilikuwa siku zake nzuri kuliko zote. Jiji lilihitaji mtu anayeelewa tuta linavyopasuka, na alikuwepo.

Huko Római tuta lililopo halipo kwenye ukingo. Linapita nyuma, kwenye barabara za Nánási na Királyok, na kati ya tuta na mto kuna nyumba za starehe, vilabu vya makasia na maghorofa yaliyojengwa katika miongo iliyotangulia kwenye ardhi ambayo mto huidai kila unapopanda. Swali lilikuwa tuta jipya lijengwe wapi. Ukilijenga kwenye ukingo, kwa ukuta wa vipande vya chuma vinavyopachikwa mafuriko yanapokuja, unaokoa majengo yote, lakini unakata miti, unaweka msingi wa zege ufukweni, na baadhi ya wahandisi walionya kwamba maji yatapenya chini kwa chini kwenye changarawe. Ukiliimarisha lile la nyuma, ufuko unabaki ulivyo lakini waliojenga mbele wanaachwa na mto wao. Tarlós alisimama na ukuta wa ukingoni. Kwake ilikuwa hesabu ya watu na mali. Wakazi na wapenzi wa mto waliona ni fedha za umma za kuwalinda waliojenga pasipostahili, na mwaka 2017 walifika kuzuia miti isikatwe. Ukuta haukujengwa wakati wake.

Mwaka huohuo alipata pigo jingine. Budapest ilikuwa inawania Olimpiki ya 2024. Vijana wa kundi la Momentum walisimama mitaani kukusanya saini za kudai kura ya maoni. Zilihitajika kama 138,000, wakapata 266,151. Ombi likaondolewa kabla ya kura kupigwa. Momentum ikawa chama.

Tufike kwenye sheria ya 2014, kwa maana bila hiyo mwisho wa Tarlós haueleweki. Zamani wapiga kura walichagua Baraza la Jiji kwa orodha za vyama. Miezi michache kabla ya uchaguzi wa 2014, bunge lilibadili: mameya wote 23 wa wilaya ndio wawe wajumbe wa Baraza, wakiongezewa viti tisa vya kufidia kura za wagombea walioshindwa wilayani, na Meya Mkuu mwenyewe, jumla 33. Kwa kuwa wilaya ya 1, ya Kasri la Buda, ina watu kama elfu 25 na ya 11 ina zaidi ya laki moja na thelathini elfu, ikawekwa pia sharti la wingi mara mbili: uamuzi upate wingi wa wajumbe, na wajumbe hao wawakilishe zaidi ya nusu ya wakazi. Fidesz ilikuwa na nguvu katika wilaya nyingi, kwa hiyo sheria ilionekana kama zawadi. Kwa Tarlós ilikuwa zawadi yenye miba. Kila mradi wa jiji sasa ulipita mikononi mwa mameya wenye wapiga kura wao, ambao baadhi walikuwa na njia yao ya moja kwa moja hadi kwa Orbán.

Upinzani nao ulijifunza hesabu. Mwaka 2019 vyama vya upinzani vilifanya kura ya mchujo kumpata mgombea mmoja, jambo jipya Hungaria, na mshindi akawa Gergely Karácsony, mtafiti wa siasa aliyekuwa meya wa wilaya ya 14. Wilayani nako waliachiana nafasi. Siku chache kabla ya kura, mtandao ukajaa video ya Zsolt Borkai, meya wa Győr wa Fidesz na bingwa wa zamani wa Olimpiki wa jimnastiki, akiwa na wanawake kwenye boti. Tarlós hakuhusika kwa lolote, na Győr iko zaidi ya kilomita mia moja kutoka Budapest, lakini nembo kwenye kampeni ilikuwa moja. Tarehe 13 Oktoba Karácsony alipata takriban asilimia 51, Tarlós 44. Wilaya 14 kati ya 23 zikaenda upinzani, na kwa sheria ileile iliyotungwa na Fidesz, Karácsony akaingia akiwa na wingi barazani tayari.

Baraza lile la pamoja alilolidai Tarlós lilibaki, ila waliokaa pande mbili za meza sasa walikuwa mahasimu. Kabla ya uchaguzi wa 2024 bunge likairudisha Budapest kwenye orodha za vyama. Fidesz ilipata viti 10 kati ya 33, chama kipya cha Tisza nacho 10, na Karácsony akabaki meya asiye na wingi. Mgombea wa Fidesz wa umeya alijitoa siku mbili kabla ya kura na kuwataka wafuasi wake wampigie mshindani mwingine, ambaye alishindwa na Karácsony kwa kura zisizofika 400 na ikabidi zihesabiwe upya. Mshindani huyo ni Dávid Vitézy.